Pikapu Isiyoruhusiwa Kuwaka

Bashnet,
9 Februari 2004

Kwa Fundi Herieli,
Gereji ya Maisaka, Babati.

Bwana Herieli,

Salamu kutoka huku juu kwenye baridi. Gari langu, ile pikapu ya kijani iliyoletwa kwako juzi ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mahindi, ni gari lenye heshima zake. Nililinunua kwenye mnada wa serikali nilipostaafu ubwana shamba, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioshika usukani wake.

Ugonjwa wake ni huu. Asubuhi ukizungusha ufunguo linasema "tk" mara moja, kisha kimya. Tukilisukuma linawaka. Siku nyingine linawaka lenyewe vizuri kabisa, kana kwamba jana halikututoa jasho. Mimi si fundi, lakini kitu kinachougua leo na kupona kesho bila dawa hakijafa, kimelegea mahali. Angalia betri na nyaya zake kabla ya kugusa kitu kingine. Usinifungulie injini. Tangu Babati ifanywe makao makuu ya mkoa, kila aliyeokota spana amekuwa fundi, na hamu yao ya kwanza ni kufungua injini ya mtu.

Nalihitaji kabla ya Pasaka. Binti yetu Ursula, aliyeolewa huko Bonga, amejifungua mtoto wa kiume na mimi babu yake sijamwona. Nitateremka mwenyewe kulichukua mara ukinijulisha.

Wako,
Fabiani Tadeo
Bwana Shamba Mstaafu


Maisaka, Babati,
13 Februari 2004

Mzee Fabiani, shikamoo.

Nakuandikia kwa furaha. Gari limepona, na ulivyokisia ndivyo ilivyokuwa. Ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya mpira wake. Kwa nje ulionekana mzima, ndiyo maana ulikuwa unatania watu, leo unapitisha umeme, kesho haupitishi. Nimeweka mpya na kusugua vichwa vya betri. Nimeliwasha asubuhi na baridi yake, nimeliwasha mchana, nimeliwasha jioni. Linashika kabla ufunguo haujamaliza kuzunguka. Injini sijaigusa hata kwa kitambaa.

Mimi nimetoka Upareni, Mzee. Nimekuja kutafuta maisha kwenye mkoa mpya, na ninachojenga hapa ni jina. Mteja akitoka kwangu ameridhika, hiyo kwangu ni nusu ya malipo. Njoo ulichukue siku yoyote.

Mtoto wako,
Herieli


Bashnet,
17 Februari 2004

Mwanangu Herieli,

Hatujaonana. Mimi ni Mama Ursula, mke wa Mzee Fabiani. Tazama mwandiko, utaona ndio ule ule wa barua ya mzee. Barua zake naandika mimi na anazoletewa nasoma mimi, maana macho yake yameingia ukungu tangu mwaka juzi. Yeye anasema miwani ndiyo imechubuka. Nikimuuliza mtu asiyeona barua anaendeshaje gari, ananijibu kwamba barabara ni kubwa kuliko herufi.

Barua yako ya furaha imefika. Sijamsomea.

Nisikilize kwanza kabla hujanihukumu. Mwezi wa kumi na mbili alipiga honi mpaka majirani wakatoka, akimlaumu mama mmoja aliyekataa kupisha njia. Alikuwa anakigombeza kichuguu. Hayo ya huku tambarare tunacheka yanapita. Lakini ule mteremko wa kwenda Dareda unaujua. Tunapoteremka mimi hukaa pembeni yake na kuongea bila kupumzika. Nasema, "Hapa kwenye kona ya kulia ndipo walipochimba mchanga," naye anakata kulia. Nasema, "Lori la nani lile linapanda?" naye anasogea. Anadhani nasimulia habari. Sasa mara ya mwisho nilikuwa na kikohozi. Nilikohoa kwenye kona moja tu, mwanangu, na nilipoinua kichwa niliona juu ya dirisha langu mbingu na chini yake hakuna kitu. Gurudumu lilikuwa limetoka barabarani. Alilirudisha, sijui kwa bahati ya nani, akasema barabara imebomolewa na mvua.

Gari lilipogoma nilimshukuru Mungu. Nakuomba lisiwake. Mwambie bado linaumwa, mpaka mimi na Ursula tumshawishi aende kwa daktari wa macho. Kila nikitaja daktari anaondoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Ya kwangu uyaandike kwenye karatasi ya pembeni. Bahasha nafungua mimi.

Mama Ursula


Maisaka, Babati,
21 Februari 2004

Mama Ursula, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mama, unaniomba kitu kigumu. Mafundi wengine husema gari limepona wakati halijapona. Mimi unaniomba niseme halijapona wakati limepona, na juma lijalo tunaingia Kwaresima, na mimi ni mzee wa kanisa usharikani kwetu.

Lakini nimeufikiria ule mteremko. Nimekwenda kule kuvuta magari, najua yanavyoonekana yakiwa chini. Basi nitafanya. Sharti langu ni moja, sitapokea malipo yoyote kwa ugonjwa ambao haupo. Humu ndani kuna barua ya kumsomea. Nimeandika stata, ile mota inayozungusha injini iwake, kwa sababu ndicho kitu kilichonijia kichwani. Kama una ugonjwa mwingine unaouona unafaa zaidi, niandikie.

Herieli


(Ya kumsomea Mzee)

Mzee Fabiani, shikamoo.

Nasikitika kukujulisha kwamba gari halijapona. Nimepima, nimeona stata imechoka sana. Nimeagiza nyingine Arusha. Wenye duka wanasema ipo njiani.

Mtoto wako,
Herieli


Bashnet,
1 Machi 2004

Bwana Herieli,

Stata haijachoka. Stata niliibadilisha mwaka jana, na iliyotolewa ninayo hapa, kuku wanataga mayai pembeni yake.

Sasa nakufundisha kipimo ambacho nilionyeshwa na dereva wa wizara ulipokuwa bado hujazaliwa. Washa taa kubwa za mbele. Mweke mtu azitazame. Kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia kama mshumaa unaokata roho, umeme haufiki, na kosa liko kwenye betri au nyaya. Taa zikibaki kali na stata iko kimya, hapo ndipo uanze kuilaumu stata. Ni kazi ya dakika mbili na haihitaji kitu chochote kutoka Arusha.

Nijibu taa zilifanyaje. Nataka kujua taa tu, sitaki maelezo mengine.

Fabiani Tadeo

Mwanangu, haya naongeza mimi chini ya jina lake. Usije ukakosea jibu. Ukisema zilififia atasema badilisha waya, na waya umeshaubadilisha. Tafuta la katikati. – M. U.


Maisaka, Babati,
6 Machi 2004

Mzee Fabiani, shikamoo.

Nimefanya kipimo chako. Taa moja ilififia na ya pili ikabaki kali.

Jambo hilo lilinishangaza hata mimi, nikaendelea kutafuta, na sasa nimeona chanzo. Ni panya. Wameingia chini ya boneti wakala nyaya, tena si zote, wamechagua. Nikirekebisha hapa wanakula pale. Naomba uvumilivu wako. Kuhusu malipo usiwe na wasiwasi hata kidogo, Mzee, kazi hii yote sitakutoza chochote.

Mtoto wako,
Herieli


Bashnet,
15 Machi 2004

Bwana Herieli,

Panya wa Maisaka basi wana akili kuliko mafundi wa Maisaka, maana wao angalau wanajua waya upi una kazi. (Hapa mzee amesema neno ambalo sitaliandika.)

Nilikuwa bado nina shaka ndogo juu yako, lakini umeiondoa mwenyewe uliposema hutanitoza chochote. Katika maisha yangu nimekutana na mafundi wezi, mafundi walevi na mafundi wajinga, na wote walidai pesa. Fundi asiyetaka pesa ameshajilipa. Umeuza injini yangu, sema kweli. Au umeniwekea betri ya mtu na yangu inawasha taa nyumbani kwako.

Jumapili baada ya misa nilisimama nje ya kanisa na kuwaeleza watu wa Bashnet wote. Bwana Salvatory mwenye lori ameshaamua kupeleka lori lake kwa fundi mwingine, na mwenye lile basi dogo pia. Alhamisi wiki ijayo nakuja mwenyewe. Nitaliwasha gari langu kwa mkono wangu mbele ya watu.

Fabiani Tadeo

Mwanangu Herieli, haya yako nyuma ya karatasi yake. Nimejaribu kumzuia, ameshaagiza nafasi kwenye basi. Nilitaka kuja naye, amekataa, anasema hili ni jambo la wanaume na magari. Lile la kanisani limeniuma sana. Nilisimama pembeni nikamsikia akilivunja jina lako na nikanyamaza kama mtu asiyejua lolote. Ukiona mambo yamekuelemea mwambie kweli yote na useme ni mimi. Lakini usimpe ufunguo. – Mama Ursula


Maisaka, Babati,
26 Machi 2004

Mama Ursula, shikamoo.

Mzee amekuja na ameondoka salama, naamini ulimpokea jana jioni. Yaliyotokea hapa aliniomba nisikuambie, nami nikamwahidi. Kwa hiyo naomba uyasome halafu uwe hujayasoma.

Alifika na koti lake la kazi na fimbo. Kabla hajaja nilikuwa nimeufungua ule waya wa betri na kuuficha chini ya meza, ili azungushe ufunguo mpaka achoke. Nilijiona nimejipanga vizuri. Alisimama katikati ya uwanja akasalimia, na salamu yenyewe aliielekeza kwenye pipa la oili, mimi nikiwa upande wa pili. Nikaitikia haraka nikiwa nasogea kuelekea kwenye pipa.

Watu walikuwa wengi. Nadhani habari za kanisani kwenu zilishateremka mlima kabla yake. Akaniuliza gari liko wapi, nikamwambia lile pale chini ya mti wa mlonge, funguo ziko ndani. Mama, chini ya mlonge kulikuwa na pikapu mbili. Moja ni yenu. Ya pili ni ya Rehani, anayeuza magodoro sokoni. Alikuwa ameileta kuongezewa upepo na magodoro yake yote yakiwa yamepangwa nyuma mpaka juu. Ni nyeupe.

Mzee akapanda ya Rehani.

Nilitaka kusema, lakini alikuwa ameshafunga mlango. Alizungusha ufunguo na gari likawaka pale pale. Akatoa kichwa dirishani akawauliza watu kama wamesikia, akasema mwezi mzima na zaidi mtu huyu ananiandikia habari za stata na panya. Watu walinitazama, Mama, hasa wale wateja wangu wa Nangara ambao nilikuwa nimewaambia mimi ni fundi wa kweli. Rehani akaja mbio. Nikamshika mkono, sijui kwa nini, nikamwambia ngoja kidogo. Wakati nangoja kidogo, mzee akaingiza gia.

Hakwenda mbali. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la matairi ya zamani, taratibu kabisa kama mtu anayeegesha gari lake mahali alipokusudia. Gari likagonga na kuzimika. Kamba iliyoyafunga magodoro ikakatika nayo yakaanza kumiminika juu ya boneti moja moja, mpaka kioo cha mbele kikafunikwa. Mtu mmoja alicheka, wengine hawakucheka.

Nilikwenda dirishani. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anaupapasa pole pole kuuzunguka wote. Kisha akapapasa mkono wa gia. Nikaona ameshajua.

"Herieli," akasema, "hili ni langu?"

"Hapana, Mzee."

"Langu liko wapi?"

"Liko ubavuni mwako, hapo kulia. Ulipita karibu nalo."

Halafu akauliza, "Hili lina rangi gani?"

Nikamwambia ni jeupe.

Sijawahi kuona mtu mzima akishuka kwenye gari kwa uangalifu kama ule. Rehani, Mungu ambariki, alikuwa amekuja kugombana, lakini alipomwona alishika mkono wake na kumwambia pole, magodoro hayaumii yakianguka. Tuliyaokota wote. Nilimpeleka mzee ndani nikampa chai, akainywa yote. Baadaye akaniambia kwamba alikuwa anajua, ila alidhani ni kidogo. Kila siku alikuwa anajiambia ni kidogo. Akauliza kama mjini kuna daktari mzuri wa macho, nikamwambia hospitali wanakuja madaktari wa macho mwezi wa tano, nitamwandikisha jina mwenyewe. Akakubali. Kisha akasema, "Mama Ursula asijue habari za gari jeupe. Atanicheka mpaka kaburini."

Habari za panya hakuuliza tena. Sikuona kama ilikuwa siku nzuri ya kumkumbusha.

Herieli


Bashnet,
30 Machi 2004

Mwanangu,

Nimeisoma na sijaisoma. Alirudi akaketi, akasema ameamua mwenyewe, kwa akili yake, kwamba miwani hii imekwisha na ni wakati wa kumwona daktari. Nikashangaa kama mtu anayeshangaa. Halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikayakumbuka yale magodoro nikacheka, nikalazimika kumwambia moshi umeniingia.

Waya wa betri usiurudishe bado.

Mama Ursula


Bashnet,
6 Juni 2004

Ndugu Herieli,

Usishangae mwandiko. Huu ni wangu mwenyewe. Umepinda kwa sababu ya kukaa muda mrefu bila kazi, lakini nauona ukipinda, na nikiuona ukipinda nafurahi.

Walinifanyia jicho la kulia kwanza. Ni mtoto wa jicho, wakamtoa, la kushoto wamesema baadaye. Nilipokuwa nimefungwa kitambaa, Mama Ursula aliketi kando ya kitanda akaniambia yote, ya barua zako, ya kikohozi chake, na kwamba gari langu lilipona tangu siku ile ya kwanza. Alichagua wakati ambao siwezi kumtazama. Nilikasirika sana, nikageukia ukutani, ila nesi akaja kunigeuza kwa sababu nilikuwa nalalia jicho. Hasira haikurudi tena vizuri. Nami nikamsimulia habari za gari jeupe. Akaanza kucheka kabla sijafika kwenye magodoro, nikajua kwamba wewe, bwana, huwezi kutunza siri hata ukiapishwa.

Tulipotoka hospitali tulipitia Bonga. Mjukuu nimemwona. Ana masikio yangu, maskini.

Jumapili iliyopita nilisimama tena nje ya kanisa, pale pale, nikawaambia watu kwamba nilikusingizia na kwamba wewe ndiye fundi mwaminifu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Sikuweza kueleza sababu bila kujiaibisha, kwa hiyo sasa wengi wanaamini umenihonga. Lakini Salvatory anakuletea lori lake. Anasema fundi mwenye uwezo wa kumhonga Fabiani lazima biashara yake inakwenda vizuri.

Sasa habari ya gari. Nilikuwa nimepanga kuja kulichukua mara baada ya kupona, na daktari hakuniambia nisiendeshe, sikumuuliza. Lakini tulirudi huku juu kwa basi, nikakaa dirishani ili nitazame. Herieli, nimeiona ile barabara. Nimeteremka na kupanda pale mara nyingi sana, na nilikuwa naiona kama njia ya kawaida yenye kona. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba upande wa pili hakuna kitu. Kuna miti mle chini, mirefu, na unaitazama kwa juu kama mboga kwenye bustani. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilimgeukia mke wangu aliyekuwa akikaa upande ule siku zote hizo. Akaniuliza kama jicho linauma. Nikamwambia linauma.

Kwa hiyo tumekubaliana mimi na yeye. Gari nitaliendesha huku juu tu, shambani, kanisani na mnadani, kwenye tambarare. Mlima tutapanda na kushuka kwa basi. Nakuomba urudishe waya wako na uniletee gari wewe mwenyewe Jumamosi, na malipo ya kazi yote utayapokea safari hii, hata ya panya. Mama Ursula amesema atachinja jogoo, nawe utalala kwetu.

Njoo asubuhi, ukungu ukiwa umeshaondoka. Ukifika kwenye zile kona za juu usikimbie, na usitazame bondeni hata kidogo. Mimi nimeshatazama.

Baba yako,
Fabiani Tadeo